Rangi ya Mashavu ya Mama

Igogo, Mwanza
Februari, 2026

Mpendwa mdogo wangu Paskazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia, maana tangu uingie huko utawani huiachi salamu ya mtu ianguke chini. Hujambo lakini? Kile kikohozi cha vumbi kimepoa? Na bustani ya kabichi, bado ni wewe unayeimwagilia, au wamekuhamishia jikoni, ambako nawahurumia wenzako kwa mkono wako wa chumvi? Mimi sijambo kiafya. Jirani yetu Mama Masalu naye hajambo, bado anagombana na kuku wa watu, na bado anasema siku utakayoweka nadhiri atacheza mpaka mawe ya Igogo yaporomoke. Habari za Mama nitakuja nazo taratibu. Nakuomba usiruke mistari kutafuta mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi. Soma kwa mpangilio, tena ukae chini.

Utashangaa imekuwaje mimi, ambaye barua zangu huwa nusu ukurasa na robo yake nimechora maua, nimejaza karatasi zote hizi. Ni kwa sababu huko huna simu, na hata ungekuwa nayo, haya nisingeyaweza kwa mdomo. Ningelia kabla sijafika katikati, nawe ungebaki kuuliza kuna nini, kuna nini.

Naanza na kazi yangu. Saluni bado ni ile ile ya karibu na soko, na mwisho wa wiki hatupumui. Kitchen party, sendofu, harusi, kipaimara, kila mtu anataka uso mpya. Wewe ulikuwa ukinicheka kwamba napiga watu rangi kama fundi wa ukuta, na sikuwahi kukasirika, maana mabibi harusi wengi ndivyo wanavyotaka wenyewe, watoke pale wakifanana na picha. Lakini ndani ya kazi hiyo kuna kazi moja ndogo ninayoipenda siku zote, nayo ni blasha, rangi ya mashavu. Iko ya unga na iko ya krimu. Ya unga hukaa juu ya ngozi na kila mtu anaiona. Ya krimu ukiijulia huzama, ikafanana na damu inayotembea chini ya ngozi, kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima au aliyepata habari njema. Watu hawamwambii huyo kwamba amepakwa vizuri, wanamuuliza leo ana furaha gani. Uliweke hilo akilini ninapoendelea.

Sasa Mama. Alianza kuumwa mwezi wa kumi. Kwanza alishindwa kumaliza chakula, akasema ni vidonda vya tumbo vyake vya siku zote, akanywa maji ya kabichi. Kisha akawa anakaa pale kwenye meza yake ya ndizi badala ya kusimama, na wateja wake wa miaka wakaanza kumuuliza mbona amepauka. Mama unamjua, aliwajibu kwamba kupauka ni mafuta yameisha. Nilipomkuta ameegemea mkungu wa ndizi amefumba macho, mchana kweupe, sikumuuliza tena, nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Walimpima kila kitu. Daktari, dada mmoja mpole, alituweka wote wawili kwenye kiti akatueleza kwamba ni saratani ya tumbo, kwamba imeshafika kwenye ini, na kwamba kumpasua kungemtesa bure. Alisema watampa dawa za maumivu, na damu pale itakapopungua sana.

Ndiyo, Pasi. Nimeandika. Vuta pumzi kwanza, kisha uendelee, maana bado sijafika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Mama hakulia. Tulipotoka nje aliniuliza swali moja tu, kama nadhiri zako za mwakani ni mwezi wa kumi na mbili mwanzoni au mwishoni. Nikamwambia mwanzoni. Tulipofika nyumbani akafunga mlango, akaniapisha kwa jina la Baba aliyelala Kamachumu kwamba sitakuambia wewe wala watawa wako neno lolote mpaka uwe umeweka nadhiri. Nilikataa. Nilimwambia hilo si jambo la kuficha mtoto. Akanikumbusha mguu wake.

Unaukumbuka mguu, ulipokuwa bado postulanti, mwombaji wa utawa. Aliteleza pale sokoni akavunjika, ukaomba ruhusa ya wiki moja, ukakaa mpaka alipotupa fimbo. Uliporudi wakakuambia uuanze upya mwaka ule, wenzako wakavaa shela nyeupe ukiwatazama. Wewe ulilichukulia kwa kucheka. Mama hajawahi kujisamehe. Aliniambia hivi: mguu wake ulikula mwaka mmoja wa mtoto, na safari hii si mguu, utaacha kila kitu, utakuja kumshika mkono, na baada ya maziko hutarudi tena, utabaki hapa kuuza ndizi ukisema ni mapenzi ya Mungu. Alisema hataki kuwa sababu. Nikaapa, mdogo wangu. Niliapa nikiwa nimekasirika, lakini kiapo ni kiapo, na barua zangu zote ulizopokea tangu wakati huo zikisema Mama hajambo anakusalimu, niliziandika akiwa ameketi pembeni yangu.

Kisha ikaja taarifa ya Jumapili ya wageni ya mwezi wa kwanza, ya kwanza tangu Mama aanze kuumwa. Nilidhani atasema mimi niende peke yangu nimsingizie malaria. Wapi. Alisema asipokwenda utajua, maana hajawahi kukosa hata Jumapili moja ya wageni tangu umeingia. Na akienda vile alivyo, utajua vilevile. Wakati huo alikuwa ameshakonda, lakini kukonda kulifichika ndani ya gauni na vitenge viwili. Uso ndio uliokuwa haufichiki. Ile rangi yake ya kung'aa, ambayo wewe umeirithi na mimi nikanyimwa, ilikuwa imegeuka kijivu kama jiko lililozimika. Mama Masalu, ambaye alikuwa anajua kila kitu kwa sababu ukuta wetu ni mmoja, alimwambia usoni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akamjibu kwamba kifo kina ratiba yake na yeye ana ya kwake.

Ndipo akaniita. Aliniambia kila Jumamosi ninawapa damu watoto wa watu, na kila mmoja anatoka pale amechanua, basi nimpe na yeye damu ya siku moja.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimpaka kama ninavyowapaka mabibi harusi, mashavu ya mviringo, rangi ya kuonekana kutoka meza ya mwisho ukumbini. Mama akachukua kioo, akajitazama sana, akasema sasa amekuwa maiti inayokwenda kwenye sherehe. Tulicheka, Pasi. Tulicheka mpaka akashika tumbo, na nikajuta kumchekesha. Nikamfuta, na nikaona kwamba sijui ninachokifanya. Mimi najua kumpamba mtu. Kumfanya aonekane hakupambwa, tena mbele ya mtoto wake, ni kazi nyingine.

Basi nikawa natazama watu. Nilikaa mlangoni asubuhi nikamtazama Mama Masalu anapanda kwenye mawe na ndoo ya maji kichwani. Damu ikipanda usoni haijui duara. Inaanzia juu ya shavu, inavuka pua kidogo, inagusa masikio, na kidevu inakiacha. Nikayajaribu hayo kwenye uso wangu mwenyewe kwanza. Rangi za pinki nikaziweka kando, kwenye ngozi yetu pinki hugeuka majivu. Nikachanganya ile nyekundu ya damu ya mzee na nyingine iliyo kama zambarau iliyoiva, mpaka nikapata rangi ya ndani ya mdomo wa Mama, kama ulivyokuwa zamani.

Halafu nikamkalisha nje, mchana, maana taa ya saluni ni mwongo na watawa wako wana madirisha makubwa. Ngozi yake ilikuwa imekauka, kwa hiyo nilianza na mafuta ya mgando, kidogo sana. Krimu niliiyeyusha kwanza mgongoni mwa mkono wangu ipate joto. Niliichota kwa kidole cha pete, ambacho hakina nguvu, nikamwambia atabasamu, na pale shavu linapotuna nikagusagusa bila kusugua, nikipanda kuelekea juu ya sikio. Akaacha kutabasamu, na rangi yote ikaangukia shimoni. Ndivyo nilivyogundua amekonda kiasi gani. Ikabidi nianze upya, juu zaidi, juu ya mfupa wenyewe, akiwa ametulia bila kutabasamu. Tone kwenye pua, tone kwenye ncha za masikio. Kilichobaki kidoleni nikampaka midomoni. Poda sikuweka kabisa. Kisha nikarudi nyuma hatua kadhaa, na nikamwona Mama yetu.

Sisi si watu wa kushikana nyuso, unajua. Kwetu upendo ni kuulizwa kama umekula. Zile siku za kujaribu ndizo nilizomshika Mama uso kuliko maisha yangu yote, na yeye alifumba macho akaniachia. Nakwambia ukweli kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu ya kumshika, na kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri, na aibu ya furaha ile bado ninayo.

Jumapili ile tulikodi gari la Ngosha wa pale kona, nikamlaza Mama kiti cha nyuma mpaka Kigongo. Tulipopanda daraja aliinuka atazame ziwa. Alisema zamani kwenye kivuko mtu alipata muda wa kujiandaa kabla ya kufika ng'ambo, siku hizi unafumba na kufumbua uko Busisi. Mimi nilidhani analisifu daraja. Tulisimama kabla ya kufika kwenu, nikampaka kwenye mwanga wa dirisha la gari, na Ngosha, ambaye huwa haishi maneno, alishuka akasimama mbali akitupa mgongo.

Yaliyofuata unayajua, lakini uliyajua kwa upande wako. Ulikuja unakimbia, Sista Mlezi akakukemea kwa macho, ukamkumbatia Mama. Nilikuona ukimbana na nikaogopa, kwanza kwa mbavu zake, pili kwa shavu lake. Kama jioni ile uliona doa jekundu kwenye shela yako nyeupe, upande wa kulia, ukadhani ni vumbi la barabarani, haikuwa vumbi. Ulimshika mabega ukamsogeza umtazame. Ukasema kwa sauti ile yako ya kuita watu wote:

"Mama, umenona! Unang'aa kuliko nilivyokuacha. Dada anakulisha nini?"

Mama akasema ni ndizi na samaki, na wote wakacheka. Maandazi uliyomletea niliyala mimi ulipokwenda kuongeza chai, yake na yangu, ndiyo maana ulinitania kwamba nimekuwa mlafi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani nilikomwelekeza, akakusikiliza habari za kwaya na za sungura waliotoroka, na kila ulipocheka alicheka. Nilikuwa namtazama nikisema moyoni, tumeweza.

Kisha Sista Mlezi akapita kutusalimia, na wewe ukamgeukia, ukasema ulikuwa umefikiria juu ya likizo yako ya nyumbani, ile ya wiki mbili iliyokuwa ianze Jumamosi inayofuata. Kwamba yupo mwenzako baba yake ni mgonjwa huko Ngara, na zamu yake ni mwezi wa sita. Ukasema:

"Sista, yeye aende sasa, mimi nitakwenda Juni. Nimemwona Mama, ni mzima, moyo wangu umetulia."

Pasi, mimi na Mama hatukujua kwamba ulikuwa na likizo. Uliificha utushtukize, nakujua. Mama alikuwa na likizo yako mikononi mwake, wiki mbili nzima, na ikachukuliwa hapo hapo mbele yake kwa sababu ya kidole changu. Nilimtazama. Nilikuwa tayari kuvunja kiapo pale pale kama angenipa ishara hata ya kope. Alikushika mkono akakuambia umefanya vizuri, mwanangu, mwenye mgonjwa atangulie. Sista Mlezi akasema mama huyu amelea. Nami nikainama nikakusanya vikombe.

Tukaanza safari ya kurudi. Busisi aliomba Ngosha asimame pale palipokuwa na kivuko, akaomba kitambaa na maji ya chupa, akajifuta mwenyewe uso mzima, polepole, huku akitazama maji. Nilitaka kumsaidia akanizuia. Niliona ni uchovu.

Tangu siku ile amekuwa akishuka. Sasa haendi tena kwenye meza yake, ndizi anauza binti wa Mama Masalu. Anakula uji vijiko vichache. Lakini jambo moja lilinishangaza. Kila asubuhi baada ya kumwogesha alikuwa akiniomba nimpake, kidogo tu, kisha nimtoe nje nimkalishe anakoiona njia ya kupandia kwetu. Nilimuuliza anampambia nani. Akasema majirani wakimwona vibaya watamchosha kwa pole. Nikampaka kila siku kabla ya kwenda kazini, na jioni Mama Masalu aliniambia kwamba ameketi pale mchana kutwa, na kwamba akisikia bodaboda inasimama chini huwa ananyoosha shingo.

Juzi nilipomwambia akae vizuri nimpake, alinishika mkono. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, mlango uko wazi. Akasema:

"Josepha, siku ile ulinipaka vizuri mno."

Nilidhani ananisifu, nikamshukuru. Akatikisa kichwa. Akaniambia pole pole, akipumzika katikati, kwamba alipokuwa anapanda lile gari alikuwa anamwomba Mungu usimjue kuwa ni mgonjwa, na alipokuona unakuja unakimbia akageuza sala, akaanza kuomba umjue. Alisema alikuwa na hakika. Kwamba wewe ulikuwa unajua ana homa kabla yeye mwenyewe hajajua, kwamba utotoni ulikuwa unaweka mkono kwenye paji lake bila kuulizwa. Alisema alikutazama machoni kwa makusudi, akasubiri. Alisema:

"Nilikuwa nangoja tu aniulize, Mama una nini? Angeniuliza mara moja, nisingeweza kukataa. Hakuona. Akaenda akagawa siku zangu, na mimi nikamwambia amefanya vizuri."

Kisha akaniuliza Juni ni lini. Nikamwambia bado. Akasema, "Eeh," kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokuwa na mpango wa kukinunua, akafumba macho nimpake.

Sikuweza. Nilifunga kile kikopo cha krimu nikaenda uani nikalia mpaka Mama Masalu akanifuata. Hakunipa methali safari hiyo. Alinishika bega akasema kwamba mzazi akikuapisha kwa hasira ya mapenzi, kiapo kile kina mdomo mmoja na moyo mwingine, na mtoto mwenye akili husikiliza moyo. Sijui kama padri angekubali. Mimi nimekubali. Kama ni dhambi nimeibeba, na Baba huko aliko tutazungumza.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, maana haya ndiyo niliyoshikia kalamu. Kosa si lako. Usije ukajipiga kifua kwamba hukuona. Hukuona kwa sababu mimi nilikaa siku na siku nikitafuta namna ya kukuzuia usione, na kazi hii ndiyo pekee ninayoijua vizuri duniani. Ulimpa mwenzako zamu kwa moyo safi. Na Mama hajakulaumu hata kwa neno moja, anajilaumu mwenyewe, na mimi najilaumu, ungetuongezea wa tatu tungejaa nyumba.

Asubuhi hii nimempigia Sista Mlezi. Nilimweleza yote, hata rangi. Akasema kwamba alimwona Mama ana mikono baridi lakini akaamini uso. Nilimwomba asikuambie lolote kabla hujasoma barua hii, nilitaka uyasikie kutoka kwangu, si ofisini ukiwa umesimama. Amekubali. Hakuniahidi chochote kuhusu mwezi wa kumi na mbili. Alisema siku utakazokuwa nje zikizidi huenda ukapaswa kuzifidia, na hilo hawezi kuliamua peke yake, lakini ruhusa ya kuja anakupa leo hii. Kwa hiyo najua ninachokuomba, na najua unaweza kukipoteza. Mama aliogopa kwamba ukija hutarudi. Mimi nadhani unao moyo wa kuja na moyo wa kurudi, na kama sivyo, basi hilo nalo ni lako kuamua na si letu kukuamulia kwa krimu.

Barua hii amekuletea Ngosha. Nimemwambia asiondoke. Yuko nje ya geti na gari, atasubiri hata kama ni mpaka jioni, na hutakiwi kumlipa chochote wala kumuuliza habari, maana ataanza kulia kabla yako.

Ukija, ujiandae. Sitampaka. Utamkuta na uso wake mwenyewe, na uso wenyewe si ule wa Januari. Umekuwa na rangi ya jani la mgomba lililokauka, macho yameingia umanjano, mifupa ya mashavu imesimama. Usirudi nyuma mlangoni. Ukitaka kulia, lia, ila umsogelee ukilia. Keti upande wa kushoto, wa kulia unamuuma. Halafu muulize lile swali. Atajua unalijua jibu, lakini muulize tu.

Ninapoandika mstari huu yuko hai, amelala, anapumua vizuri baada ya dawa. Nakuandikia hivyo kwa kuwa sijui utausoma saa ngapi.

Mama Masalu anakusalimu sana. Binti yake anakusalimu, anasema atakuonyesha kwamba sasa anajua kuchagua ndizi. Wasalimie watawa wote, na yule mwenzako wa Ngara mpe pole ya baba yake, usimwambie kitu kitakachomfanya aone vibaya kwa likizo ile. Mama hajakusalimu, kwa sababu hajui kwamba ninakuandikia. Salamu zake uje uzichukue mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Josepha